Tembo Yupo, Mtu Hayupo



Mazungumzo ya wiki hii yanahusu picha, nami najua kuwa kuzungumzia picha redioni ni kazi ngumu, kwa sababu redio haina macho. Nitajitahidi kuzieleza kwa maneno. Ninyi nisaidieni kwa kufumba macho kidogo, isipokuwa wale mlioshika usukani.

Tuanzie karibu. Ingia katika ofisi yoyote hapa mjini, iwe ya bima, iwe ya mawakili, iwe ya daktari wa meno, utaikuta ukutani kalenda yenye picha za nchi yetu. Januari ni tembo, na nyuma yake Kilimanjaro. Februari ni twiga. Machi ni heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wametanda ziwani. Ukifika Desemba, jua linazama nyuma ya mgunga. Picha ni nzuri, sikatai. Nimewahi kuikagua kalenda ya namna hiyo mwezi hadi mwezi nikisubiri kuitwa, na katika miezi yote kumi na miwili sikuona mtu hata mmoja. Mchungaji hakuna, mama mwenye ndoo hakuna, hata dereva wa gari la watalii hakuna. Mgeni akitumiwa kalenda hiyo huko ng'ambo atadhani kuwa nchi wamekabidhiwa wanyama na wenye nyumba wamesafiri.

Huyo asiyeonekana ndiye ninayetaka tumzungumzie leo. Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari tulikuwa na mwalimu wa picha aliyetupa kamera moja kwa wanafunzi watano, na filamu ya picha 36 ambayo ilibidi itutoshe wiki nzima. Kabla hujabonyeza alikuuliza swali ambalo lilituudhi sana wakati ule. Hakutaka kujua unapiga nini, maana hilo analiona. Alitaka umtajie vitu ulivyoviacha nje: kushoto, kulia na nyuma ya mgongo wako. Ukishindwa kuvitaja, kamera inakwenda kwa mwenzako. Kwa hiyo hata leo nikiiona picha nzuri ya mbuga, namtafuta aliyesogezwa pembeni.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1861 mpiga picha Mmarekani, Carleton Watkins, alipandisha nyumbu wa kubebea mizigo hadi bonde la Yosemite, huko California, akiwa na kamera kubwa kama sanduku la nguo na vioo vizito vya kupigia picha. Alirudi na picha za maporomoko ya maji, majabali na miti mikubwa ajabu. Wakubwa wa Washington, ambao wengi wao hawakuwahi kufika huko, waliziona, na mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kulihifadhi bonde lile. Ni kazi kubwa kwa picha. Lakini miaka kumi tu kabla ya Watkins kufika, mwaka 1851, kikosi cha wanamgambo kilikuwa kimeingia bondeni humo, kikachoma makazi ya wenyeji na kuwafukuza. Aliyeziona picha zile hakuwa na njia ya kujua hivyo. Aliona bonde tupu, akadhani limekuwa tupu tangu kuumbwa kwa dunia.

Sasa turudi nyumbani. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na kwa miaka michache ya mwanzo Wamaasai waliokuwa wakichunga humo walibaki. Mwaka 1958 wazee wao walitia saini mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza, wakaondoka na mifugo yao, na mwaka 1959 likatengwa eneo la Ngorongoro ambako waliambiwa wataishi pamoja na wanyama. Mwaka huohuo 1959 ikatoka filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambaye pamoja na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama. Mwanawe alifariki katika ajali ya ndege hiyo kabla kazi haijamalizika. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na ndiyo iliyolifanya jina la Serengeti lijulikane sebuleni mwa watu wa Ulaya.

Tusimsingizie Grzimek. Filamu haikuwatoa Wamaasai, kwani mkataba ulikwisha kutiwa saini. Lakini yeye mwenyewe aliamini, na aliandika waziwazi, kwamba hifadhi haitakiwi kuwa na watu ndani yake, hata wawe wenyeji. Imani hiyo ilisafiri pamoja na picha zake. Tangu hapo mtu wa mbali akiota Serengeti huota uwanda wenye nyumbu na hewa, basi. Na ukibahatika kufika Moru, ndani ya hifadhi, utaona kwenye jabali michoro ya ngao iliyochorwa na vijana wa Kimaasai enzi zile walipokuwa wakipita hapo. Rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi bado zinaonekana. Watalii huteremka kwenye gari wakaipiga picha, wakaendelea na safari ya kutafuta faru.

Sihadithii mambo ya kale tu. Tangu mwaka 2022 familia za wafugaji zimekuwa zikitolewa Ngorongoro na kupelekwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema wanaohama wanahama kwa hiari. Wengi wa wenyeji wamepinga, na hoja zimefika mahakamani na barabarani. Leo sitaamua kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba anayebishana kuhusu ardhi ile akiwa mbali huwa tayari ana picha yake kichwani, na katika picha hiyo tayari kuna mtu aliyetolewa.

Katika wapiga picha wa sanaa waliofanya kazi katika eneo letu, aliyenishughulisha zaidi kwa jambo hili ni Mwingereza Nick Brandt, aliyezaliwa mwaka 1964. Hapo awali alikuwa akiongoza filamu za nyimbo. Mwaka 1995 alikuja Tanzania kwa ajili ya filamu ya wimbo wa Michael Jackson uitwao Earth Song, na nchi ikamwingia moyoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alianza kurudi mara kwa mara, safari hii akiwa na kamera ya filamu, picha nyeusi na nyeupe. Hakutumia zile lenzi ndefu kama bomba la maji tunazowaona nazo watalii. Alimsogelea mnyama, akakaa, akangoja. Simba wake amegeuza uso kukabili upepo na manyoya yanapeperuka. Tembo wake wanatembea kwa mstari kama ukoo unaokwenda msibani. Anawapiga picha kama mtu anavyompiga picha babu yake, kwa heshima, na kwa hofu ya kuwa pengine hatamwona tena.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 2007, huko Amboseli, alimpiga picha tembo dume akinywa maji, ambaye watafiti walimpa jina la Igor. Mwaka 2009 majangili walimwua. Alikuwa na karibu miaka 50, na alikuwa amezoea watu kiasi cha kuwaacha wamkaribie. Wasikilizaji wa Tanzania mnaikumbuka miaka ile. Hesabu ya serikali ilionyesha tembo 109,051 mwaka 2009, na mwaka 2014 wakabaki 43,330. Mwaka 2010 Brandt alishirikiana na wenzake waliokuwa wakifanya kazi upande wa Kenya kuanzisha taasisi ya Big Life, inayoajiri askari wa wanyamapori kutoka vijiji vinavyozunguka Amboseli, chini ya Kilimanjaro.

Hapo ndipo mtu alipoingia katika picha zake kwa mara ya kwanza. Ni picha ya mwaka 2011. Askari mmoja amesimama peke yake katika uwanda uliokauka, ameshika pembe mbili kubwa za tembo aliyeuawa, moja kila mkono. Anatutazama. Hatabasamu, wala hakuonyeshwa kama shujaa. Kwa miaka kumi hivi mpiga picha huyu alikuwa amepiga nchi isiyo na watu, na alipotaka kusema nani anailinda, hakuwa na budi kumwita mwenyeji asimame mbele ya kamera.

Niweke kando jambo moja dogo, maana wengi waliliamini. Katika kitabu hichohicho, kilichotoka mwaka 2013, kuna picha za ndege na popo wa ziwa Natron waliokauka wakawa kama mawe, wamekaa juu ya matawi. Magazeti ya dunia yakavuma kuwa Tanzania kuna ziwa linalomgeuza kiumbe kuwa jiwe papo hapo. Ukweli ni kwamba Brandt aliwakuta wamekwisha kufa ufukweni, wamehifadhiwa na magadi na chumvi, naye akawapanga juu ya matawi kana kwamba wamerudi uhaini. Alieleza hivyo mwenyewe bila kuficha. Wasiosoma maelezo ndio waliotunga habari nyingine. Natron ile ile ndiyo mahali heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakozalia kwa wingi kuliko popote, na pembezoni mwake kuna watu na mbuzi wao.

Kazi yake ya mwaka 2016 ndiyo iliyozungumzwa sana. Alichukua picha za tembo, twiga, faru na duma ambazo hakuwahi kuzitoa, akazichapa kwa kimo cha mnyama halisi, nyingine zikiwa na urefu wa mita tisa, akazibandika kwenye mbao kubwa. Mbao hizo akazisimamisha nchini Kenya, mahali ambapo zamani wanyama hao walipita: kwenye jalala, kwenye machimbo ya mawe, kando ya kiwanda, chini ya daraja la barabara. Kisha akapiga picha ya yote kwa pamoja. Twiga amesimama machimboni na wavunja mawe wanaendelea na kazi. Tembo wapo chini ya daraja, na kando yao watu wasio na makazi wamekaa chini. Hakuna anayemtazama mnyama. Ni kama mzimu uliorudi nyumbani ukakuta wapangaji wengine.

Nilipoziona mara ya kwanza zilinigusa, kisha nikakasirika. Mtazamaji wa New York aliyesimama mbele ya picha hiyo na glasi yake ya mvinyo anamwona nani kama mkosaji? Anamwona yule mvunja mawe. Tembo yuko upande mmoja, maskini yuko upande mwingine, na inaelekea kuwa mmoja ndiye aliyemfukuza mwenzake. Brandt ameeleza kuwa watu wale nao ni waathirika wa uharibifu huohuo, nami naamini ndivyo anavyofikiri. Lakini maelezo yako kitabuni na picha iko ukutani, na wanaosoma maelezo, kama tulivyoona Natron, ni wachache. Aliyenunua pembe hayumo katika picha. Aliyechora ramani ya barabara hayumo. Mwenye hisa za kiwanda naye hayumo. Swali la mwalimu wetu wa chuo lingemfaa hapo.

Yupo mwingine aliyelijibu swali hili kwa njia tofauti: Sebastião Salgado wa Brazil, aliyefariki dunia mwezi Mei mwaka 2025. Huyu alikuwa mwanauchumi wa mambo ya kahawa kabla ya kushika kamera, na kazi hiyo ilimfikisha Rwanda mapema. Alirudi huko mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari. Alipiga picha pia upande wetu, katika kambi ya Benaco wilayani Ngara, siku zile ambapo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Waliozisoma habari zile wakiwa watu wazima hawatazisahau. Salgado alitoka huko mgonjwa wa mwili na roho, akasema hana tena imani na binadamu. Akarudi kwenye shamba la wazazi wake huko Aimorés, akalikuta limekuwa vumbi: msitu ulikatwa, chemchemi zilikauka. Mkewe Lélia ndiye aliyesema tupande miti. Mwaka 1998 wakaanzisha taasisi yao, na hadi leo imeotesha miti zaidi ya milioni 2. Maji yakarudi, ndege wakarudi.

Baada ya hapo ndipo alipozunguka dunia kuanzia mwaka 2004 hadi 2012 akipiga picha za kazi aliyoiita Genesis, yaani Mwanzo. Humo kuna milima ya barafu na pengwini, lakini watu nao wamo. Kuna Wadinka wa kusini mwa Sudani ya wakati ule, jioni, kambini: moshi wa samadi umetanda, pembe ndefu za ng'ombe zinachomoza ndani ya moshi, na vijana waliojipaka majivu wanapita katikati ya mifugo. Ukiitazama picha ile huwezi kusema hapa mwisho wa mtu na hapa mwanzo wa nchi. Salgado alijua kwa mikono yake kwamba mtu anaweza kuurudisha msitu, kwa hiyo hakuona sababu ya kumfukuza.

Hata hivyo, hapo nina neno. Watu walioruhusiwa kuingia katika Genesis ni wale wanaoishi kama mababu: Wanenets wa Siberia na kulungu wao, watu wa Amazon wasiovaa nguo za dukani. Wakosoaji wengi wamelisema hilo, nami nakubaliana nao. Mtu anapewa nafasi katika picha ya nchi yake kwa sharti kwamba avae kama zamani. Kijana wa Kimaasai mwenye shuka anapigwa picha. Yuleyule akiwa kwenye pikipiki, simu sikioni anauliza bei ya mbuzi mnadani, mpiga picha anamwomba asogee kidogo. Ng'ombe ni walewale, nyasi ni zilezile, ukame unampiga vilevile. Lakini ametolewa nje ya picha mara ya pili, safari hii kwa ajili ya suruali.

Brandt hakusimama pale tulipomwacha. Mwishoni mwa mwaka 2020 alipiga picha Kenya na Zimbabwe, zikatoka kitabuni mwaka 2021. Aliwatafuta watu waliopoteza mashamba, nyumba, na wengine watoto wao, kwa ukame na mafuriko. Aliwapiga picha katika vituo vya kutunzia wanyama waliookolewa, ambao wamezoea binadamu kiasi cha kuweza kukaa naye karibu. Akapuliza ukungu wa mashine, kwa hiyo nyuma yao hakuna mlima wala jua la kuzama. Mtu amekaa juu ya kiti cha kawaida, nguo zake ni za siku zote, na hatua chache nyuma yake amesimama tembo au duma. Mmojawapo ni faru Najin wa Ol Pejeta, Laikipia. Yeye na bintiye ndio faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, wote majike. Katika picha zile huwezi kumwuliza nani kamfukuza nani. Wote wawili wamepotelewa, na wote wawili wamo ndani.

Baadaye alikwenda Fiji akawapiga picha watu wakiwa chini ya maji ya bahari, wamekaa kwenye viti, kwa sababu bahari inawapandia. Hizo nawaachia mzitafute wenyewe.

Wapo watakaoniambia kuwa haya ni mambo ya wazungu na majumba yao ya sanaa. Lakini picha ya mtu na maumbile tunayo sisi wenyewe, na tulikuwa nayo zamani, ila hatukuiita sanaa. Nani asiyekumbuka pazia la studio? Ulikuwa unaingia, unachana nywele mbele ya kioo kilichopasuka, halafu unasimama mbele ya kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji, minazi, bata mzinga wa rangi ya zambarau na maua ambayo hayajapata kuota popote. Mombasa, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walikuwa mabingwa wa mambo hayo. Wateja wao wengi walikuwa vibarua waliotoka bara, wakipeleka picha nyumbani.

Angalieni mteja yule alivyojipanga. Amevaa suti, pengine ya kuazima. Ameshika redio, nasi watu wa redio tunamshukuru. Viatu vinang'aa. Na nyuma yake maji yanaporomoka msituni. Hakuna aliyemwambia avue suti ili afanane na msitu, wala aliyemwambia atoke ili msitu uonekane vizuri. Yeye ndiye aliyelipa, kwa hiyo yeye ndiye aliyekaa katikati.

Mapazia yale karibu yamekwisha. Simu zimeyamaliza. Lakini nendeni ufukweni hapa mjini Jumapili jioni mtawakuta vijana na kamera zao, wanaitwa huku na kule na familia zilizotoka Tandale na Mbagala. Mama anapanga watoto kwa urefu, baba anaficha tumbo, mdogo ana ndizi mkononi na hataki kuiachia. Bahari iko nyuma yao. Mpiga picha anarudi nyuma hatua mbili, anainama, kisha anauliza kama wanataka bahari ionekane yote au wao waonekane wakubwa. Nimewasikiliza mara nyingi. Karibu kila mara jibu ni moja: vyote viwili, kijana, wewe si ndiye fundi?